Ajali, Uzembe au Mauaji? Swali la Mama Mmoja wa Kitengela

Kuna maneno ambayo mtu huyatamka kwa nia njema, kisha yakamrudia usiku akiwa kitandani na kumnyima usingizi. Yangu niliyatamka Kitengela, katika ua uliojaa waombolezaji, mbele ya mama aliyekuwa amempoteza mwanawe siku tatu tu awali. Nilimshika mkono nikamwambia, "Pole sana, shemeji. Hii ilikuwa ajali tu. Tumwachie Mungu."

Hakulia wala hakunifokea. Aliinua uso, akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni asiyemjua, kisha akasema polepole, "Shemeji, ajali ni gurudumu kupasuka barabarani. Bastola ile ilijifyatua yenyewe?"

Sikuwa na jibu. Nilijifanya nimeitwa nje, nikatoka. Na sababu ya kukosa jibu, msomaji wangu, ni kwamba mimi nilikuwepo.

Hebu nikusimulie yalivyokuwa. Majina nitayaficha, kwani familia zote mbili zingali zinaishi mtaa mmoja na watoto wao hupanda matatu moja kwenda shule. Ilikuwa Desemba, msimu ambao nyumba nyingi za Kitengela hujaa wageni na moshi wa nyama choma. Jirani yetu mmoja, mfanyabiashara, alikuwa ametualika wanaume kama kumi hivi nyumbani kwake. Bwana huyo alikuwa na bastola aliyopewa leseni yake baada ya kuvamiwa na majambazi mara mbili. Siku hiyo alikuwa nayo kiunoni.

Baada ya chupa mbili tatu aliichomoa kwenye ala yake akaanza kutuonyesha. Akatoa magazini yenye risasi, akaiweka mezani kando ya sahani ya kachumbari, akasema, "Sasa haina kitu. Ni chuma tu." Akaielekeza dirishani, akaielekeza kwenye picha ya ukutani, nasi tukawa tunacheka. Mimi nilicheka pamoja na wengine. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia, "Bwana, weka kitu hicho."

Ndipo akaingia kijana wa jirani, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa likizoni, ambaye alikuwa amekuja kusaidia kuwahudumia wageni. Alikuwa amebeba birika la maji ya kunawa na taulo begani. Mwenye nyumba akamwelekezea mtutu kwa mzaha: "Wewe kijana, mikono juu!" Kijana naye akacheka, akainua mkono mmoja, kwani wa pili ulikuwa na birika. Kisha tukasikia mlio.

Risasi moja ilikuwa imebaki ndani ya chemba. Wanaozijua bastola wanafahamu kwamba kutoa magazini hakuitoi risasi ambayo tayari imeingia chemba. Bwana yule naye alilijua jambo hilo, kwa maana alifundishwa kutumia silaha ile. Kijana alikata roho garini, kabla hatujafika hospitalini. Aliyekuwa akiendesha gari hilo kwa kasi huku akilia kwa sauti ni yule yule aliyempiga risasi.

Usiku wa pili ndugu wawili wa jirani yetu walibisha mlango wangu. Walikuja kwa heshima, na sukari na majani ya chai mkononi. Mkubwa wao akaniambia, "Mzee, wewe ni mtu wetu. Polisi watakuita uandikishe taarifa. Sema tu kwamba bastola ilianguka kutoka mezani ikafyatuka. Hakuna anayeumia. Marehemu ameshatangulia, na huyu ana watoto wanne." Nikawaambia nitafikiri. Kesho yake ndipo nikaenda matangani kumwambia yule mama kwamba ilikuwa ajali. Unaona, msomaji? Nilikuwa nikiujaribu uongo ule mdomoni mwangu nione kama utakaa.

Swali lake lilinifukuza hadi Kajiado. Nina binamu ambaye ni wakili huko, basi asubuhi iliyofuata nilishika barabara ya Namanga, nikapita Isinya, nikafika ofisini kwake kabla hajamaliza kunywa chai. Nilimweleza kila kitu, pamoja na kicheko changu. Kisha nikamuuliza kama jirani yangu alikuwa muuaji au alikuwa mtu aliyepatwa na bahati mbaya. Binamu yangu alinijibu kwamba swali langu lilikuwa na milango miwili, ilhali sheria ya Kenya ina mitatu. Alitoa rafuni kitabu cha Kanuni ya Adhabu, yaani Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, tukaanza kusoma pamoja. Niliyoyapata siku hiyo ndiyo ninayotaka kukugawia wewe, kwa sababu siku ambayo mtu huyahitaji huwa hana nafasi ya kuyatafuta.

Mlango wa kwanza ni ajali. Kifungu cha 9 kinasema mtu hawajibiki kijinai kwa tendo lililotendeka pasipo hiari yake, wala kwa tukio lililotokea kwa ajali. Watu wengi husoma hapo wakafunga kitabu. Lakini kifungu hicho chenyewe kinatanguliza sharti: hayo yote yanategemea vifungu vinavyohusu matendo ya uzembe. Maana yake ni kwamba "sikutaka" peke yake haitoshi kumtoa mtu. Lazima pia iwe kwamba hakuna uzembe wa kulaumiwa uliolileta tukio hilo. Mfano ni mtu aliyeifungia bunduki yake kabatini kama inavyotakiwa, mwizi akavunja kabati, akaichukua na kuua nayo. Mwenye bunduki hakuua.

Mlango wa pili ni kuua bila kukusudia. Kifungu cha 202 kinasema anayesababisha kifo cha mwingine kwa tendo au upungufu ulio kinyume cha sheria ana kosa hilo. Kisha kinaeleza kwamba upungufu huo ni uzembe wa kulaumiwa katika kutimiza wajibu wa kulinda uhai au afya, uwe umeambatana na nia ya kudhuru au la. Adhabu yake iko katika kifungu cha 205, na inaweza kufika kifungo cha maisha. Nilishtuka hapo. Nilikuwa nimedhani kwamba kuua bila kukusudia ni kosa dogo la kutozwa faini.

Mlango wa tatu ni mauaji, kifungu cha 203: kusababisha kifo kwa tendo lisilo halali, ukiwa na dhamira mbaya iliyotangulia. Kesi ya namna hii husikizwa na Mahakama Kuu. Adhabu iliyoandikwa katika kifungu cha 204 ni kifo, ingawa tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 14, 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, jaji halazimiki tena kutoa adhabu hiyo. Anaweza kupima hali ya kila kesi. Na tangu 1987 Kenya haijamnyonga mtu yeyote.

Basi mpaka kati ya mlango wa pili na wa tatu ni dhamira. Binamu yangu alinikanya hapa, nami nakukanya wewe: usidhani kwamba dhamira mbaya ni chuki, au kwamba lazima mtu awe amepanga jambo kwa siku nyingi. Kifungu cha 206 kinaeleza namna kadhaa. Kuna kukusudia kuua au kumjeruhi mtu vibaya, awe aliyekufa ndiye aliyelengwa au la. Kwa hivyo ukimlenga adui ukampata mpita njia, huwezi kujitetea kwamba hukuwa na neno na mpita njia. Kuna tena kujua kwamba tendo lako yamkini litaua au kujeruhi vibaya, na bado ukalitenda bila kujali. Na kuna kuua katika harakati za kutenda kosa kubwa la jinai, kama vile wizi wa mabavu. Kwa upande mwingine, aliyechokozwa ghafla na kupita kiasi, akaua kabla hasira haijapoa, anaweza kupunguziwa kosa kutoka mauaji hadi kuua bila kukusudia.

Shika hilo la "kujua na kutojali", maana ndilo lililo karibu zaidi na bunduki. Anayefyatua risasi katikati ya umati "ili kuwatisha tu" anaweza kuwa hamchukii yeyote kati yao. Lakini kama anajua risasi ile yamkini itaua, na haimshughulishi, amekwisha kuingia mlango wa tatu kwa miguu yake mwenyewe. Jirani yangu hakuwa amefika huko, kwani aliamini bastola haina kitu. Imani hiyo ilikuwa ya kipumbavu, lakini ilikuwa imani. Hakujua. Alichokosa ni kuhakikisha, wakati ambapo kuhakikisha kungemchukua sekunde mbili.

"Na uzembe ni uzembe gani?" nikauliza. "Kwani sisi sote si wazembe? Mimi mwenyewe husahau jiko likiwaka."

Binamu yangu akacheka. Akaniambia si kila kuteleza ni jinai. Kosa dogo la kila siku linaweza kukufanya ulipe fidia katika kesi ya madai lakini lisikufikishe jela. Korti hutafuta uzembe mkubwa, wa mtu aliyedharau hatari iliyo mbele ya macho yake. Tena kadiri kitu kilivyo cha hatari ndivyo tahadhari inayodaiwa inavyokuwa kubwa. Hata sheria ya trafiki ina mizani yake: dereva anayesababisha kifo kwa kuendesha gari kihatari anaweza kufungwa hadi miaka 10 chini ya kifungu cha 46. Na gari lilitengenezwa kubeba watu. Bastola je, ilitengenezwa kufanya nini?

Ili nielewe zaidi alinipa mifano ya kesi ambazo Wakenya wamezisikia, na mbili za kwanza zinaanza na mbwa.

Mnamo Oktoba 1959, jijini Nairobi, mzungu mmoja aitwaye Peter Poole alimpiga risasi Mwafrika, Kamawe Musunge, aliyekuwa akiwarushia mawe mbwa wake. Musunge akafa. Baraza la wazee wa korti lililokuwa na wazungu watupu lilimpata Poole na hatia ya mauaji, na mnamo Agosti 18, 1960 akanyongwa. Hakuwa amepanga kwa miezi. Lakini alimlenga mtu, akamfyatulia, na kosa la kutupa mawe halikulingana hata kidogo na risasi.

Sasa njoo Mei 10, 2006, katika shamba la Soysambu huko Bonde la Ufa. Thomas Cholmondeley, wa ukoo wa Delamere, alikutana na watu waliokuwa wakiwinda shambani mwake wakiwa na mbwa. Alifyatua bunduki. Mbwa walikufa, na pia Robert Njoya, fundi wa kuchonga mawe, akafa. Cholmondeley alishtakiwa kwa mauaji. Utetezi wake wa awali ulikuwa kwamba aliwalenga mbwa. Mnamo Mei 2009 Jaji Muga Apondi aliona kwamba dhamira ya kuua haikuthibitishwa, akampata na hatia ya kuua bila kukusudia na kumfunga miezi minane, juu ya miaka mitatu aliyokwisha kukaa rumande. Wengi walinung'unika, hasa kwa kuwa mwaka mmoja kabla ya kifo cha Njoya, mnamo Aprili 2005, mtu huyo huyo alikuwa amempiga risasi na kumuua askari wa wanyamapori, Samson ole Sisina, na kesi ya mauaji ikaondolewa na Mkuu wa Sheria kabla ya kusikizwa. Wamaasai waliandamana kwa hasira.

Sikuleti mifano hii ili tumhukumu upya mtu aliyekwisha kufariki, kwani Cholmondeley alikufa mwaka 2016. Nataka uone kitu kimoja. Poole na Cholmondeley wote walisimama kizimbani kwa habari ya mbwa na bunduki. Mmoja korti iliamini alimlenga mtu. Kwa wa pili korti haikuridhika kwamba aliwaza kumuua mtu. Tofauti kati ya kitanzi na miezi minane ilikuwa katika swali moja: kichwani mwake mlikuwa na nini alipofyatua? Na kwa kuwa hakuna awezaye kupasua kichwa aone, korti hutazama mambo ya nje. Mtutu ulielekea wapi? Umbali ulikuwa hatua ngapi? Risasi zilikuwa ngapi? Alisema nini kabla, na alifanya nini baadaye: alikimbia, au alimsaidia majeruhi?

Kesi ya tatu ni ya pwani. Mnamo Agosti 2014 polisi walivamia nyumba moja usiku huko Kinango, Kaunti ya Kwale, wakimtafuta mshukiwa. Wakampiga risasi msichana wa miaka 14, Kwekwe Mwandaza, wakadai alikuwa amewashambulia kwa panga. Maafisa wawili walishtakiwa kwa mauaji. Mnamo Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwapata na hatia ya kuua bila kukusudia, ikawafunga miaka saba. Funzo ni kwamba sare haimfungulii mtu mlango wa kwanza. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 inamtaka afisa aanze na njia zisizo za nguvu, na atumie bunduki pale tu njia nyingine hazifai, kama vile kuokoa maisha.

Na kesi ya nne iko hapa hapa kwetu Kajiado. Usiku wa Oktoba 23, 2022, mwandishi wa habari kutoka Pakistan, Arshad Sharif, alipigwa risasi na polisi akiwa ndani ya gari kwenye barabara ya vumbi upande wa Magadi. Polisi walisema gari halikusimama kizuizini, na kwamba walilidhania kuwa gari lililoibwa Nairobi. Wachunguzi waliotumwa na Pakistan walisema katika ripoti yao ya Desemba 2022 kwamba hayo yalikuwa mauaji ya kupangwa. Angalia, msomaji, jinsi maiti moja inavyoweza kusimama mbele ya milango yote mitatu kwa pamoja: huyu anasema ni kosa la kudhania, yule anasema ni mpango. Mjane wake, Javeria Siddique, alifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Kajiado, na mnamo Julai 8, 2024 Jaji Stella Mutuku akaamua kwamba kumpiga risasi Sharif kulikuwa kinyume cha sheria na kulivunja haki yake ya kuishi, akaagiza familia ilipwe fidia ya Sh10 milioni. Hiyo ilikuwa kesi ya katiba, si ya jinai. Haikuamua nani ni muuaji, kwani kumpeleka mtu kizimbani ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Lakini ilikataa kwamba "tulikosea gari" ndiyo iwe mwisho wa mazungumzo.

Baada ya hayo yote binamu yangu alifunga kitabu akaniuliza, "Sasa umeona kwa nini wale ndugu wanataka useme ilianguka?"

Niliona. Ikianguka mezani, huenda jirani yangu akabaki karibu na mlango wa kwanza, kama mtu aliyepatwa na balaa. Akiwa amemwelekezea kijana mtutu na kuvuta kifyatulio, yuko mlango wa pili bila shaka. Na ningesema kwamba walikuwa wamegombana, au kwamba alijua kuna risasi chemba, ningekuwa ninamsukuma kwenye mlango wa tatu. Neno moja la shahidi lingempeleka nyumbani, jela, au kwenye hukumu ya kifo. Ndiyo maana taarifa ya shahidi si mahali pa kumlipia mtu wema wala kumlipizia kisasi.

Nilirudi Kitengela, nikaenda kituoni, nikaandikisha niliyoyaona. Niliandika kwamba hawakuwa na ugomvi wowote. Niliandika kwamba alitoa magazini na kutamka kwamba haina kitu. Niliandika kwamba alimwelekezea kijana mtutu akifanya mzaha, na kwamba kidole chake ndicho kilichofyatua. Niliandika kwamba alimbeba mwenyewe hadi garini. Afisa aliyekuwa akinisikiliza akaniuliza kama nilikuwa na la ziada. Nikamwambia aandike pia kwamba sote tulicheka. Akanitazama, akaandika.

Sukari na majani ya chai nilivirudisha. Ndugu wale hawajanisalimu tangu siku hiyo.

Kulikuwa na jaribio jingine tena. Wazee walikutana wakaanza kuzungumza habari ya fidia. Katika mila ya Kimaasai fidia ya kumuua mtu hutajwa kuwa ng'ombe 49, na jamii nyingine za Kenya zina desturi zinazofanana na hiyo. Mimi sizidharau. Zimezuia visasi vingi, na mnamo 2013 hata Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali kesi moja ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa mila zao. Lakini uamuzi huo uliwashtua wengi, na si desturi ya korti zetu. Kosa la kuua ni kosa dhidi ya Jamhuri, si deni la baba wa marehemu peke yake. Ng'ombe wanaweza kuituliza mioyo. Hawana uwezo wa kubadilisha kilichotokea mezani siku ile. Na kwa mtu maskini, fidia inayokuja pamoja na karatasi ya kutia sahihi huwa ni bei ya kunyamaza.

Jirani yetu alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Hakuisumbua korti kwa mashahidi wengi, alikiri. Kabla ya hukumu yule mama alipewa nafasi ya kusema, kama ilivyo haki ya jamaa wa mwathiriwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014. Alisema maneno machache tu: kwamba hakutaka mtu yule anyongwe, ila hakutaka pia mwanawe aandikwe kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Jaji alimfunga miaka minne.

Basi, mpenzi msomaji, iwapo nyumbani kwako kuna silaha yenye leseni, au una jamaa aliye nayo, nakusihi mambo haya yawe sheria ya nyumba. Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, hata kama imefunguliwa mbele ya macho yako. Mtutu usielekezwe kwa mtu kwa mzaha, hata kwa mtoto anayecheka. Pombe na bastola visikae meza moja. Silaha ifungiwe mahali ambapo mtoto hawezi kufika, kwa maana Sheria ya Silaha inamtwika mwenye leseni wajibu wa kuihifadhi. Na wewe mgeni, usione haya kusema "weka kitu hicho." Mimi niliona haya, nikacheka.

Na iwapo msiba umekwisha kukufikia, usimruhusu yeyote akupe jina la tukio kabla ya uchunguzi. Mahali pasiguswe, ganda la risasi lisiokotwe kama ukumbusho, daktari aupime mwili kabla ya mazishi, na mashahidi waandikishe waliyoyaona wakiwa wangali wanayakumbuka. Kama aliyefyatua ni polisi, kuna Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ambayo lazima iarifiwe kuhusu kifo kama hicho. Usikubali kuharakishwa kusema "ajali", na usikubali pia kusukumwa na uchungu useme "mauaji" usipokuwa na hakika. Kumwita mzembe muuaji ni dhuluma, na kumwita mwathiriwa wa uzembe mtu wa bahati mbaya ni dhuluma pia.

Siku moja baada ya hukumu nilienda kwa yule mama. Nilimkuta akipepeta mchele kivulini. Nilimwambia, "Shemeji, siku ile nilikudanganya. Haikuwa ajali. Nami nilikuwa chumbani, na sikusema neno."

Aliendelea kupepeta kwa muda. Kisha akasema, "Nilijua ulikuwepo. Nilikuwa nikingoja uje."

Akanisogezea kiti, akamwita binti yake alete chai. Binti alikuja kwanza na birika la maji ya kunawa. Nilinyoosha mikono, na kwa muda mrefu sikuweza kuinua macho yangu kumtazama.